Msaada: trekta yangu ya bustani ya zamani inazima ikishapata joto, nimebadilisha karibu kila kitu

nyasi_kentucky

Wakuu habari zenu. Najua wengi humu ni watu wa magari na pikipiki ila nimekwama kweli, na huku nilipo nikiuliza naambiwa tu nunua mpya.

Niko Kentucky, nje kidogo ya Louisville. Nina eneo kama heka moja na nusu, majani matupu, na kuanzia mwezi wa nne ukizubaa wiki mbili tu panakuwa pori. Mwaka jana jirani yangu mmoja mzee akaniuzia katrekta kake ka bustani, Cub Cadet 124, zile za International Harvester za mwaka 1967 mpaka 1969, dola 400 pamoja na deki ya kukatia. Kilichonivutia ni kwamba ilitengenezwa hapa hapa Louisville, nikaona basi tumefika wote mjini tukazeekee hapa. Injini ni Kohler K301, silinda moja, hp 12, bloku chuma kizito tupu. Inawasha kwa betri, koili (inayotoa cheche ya plagi) na pointi (vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana), kama magari ya zamani.

Tatizo lenyewe. Asubuhi ikiwa baridi inawaka selfu ya kwanza. Nakata majani dakika 30 au 40 hivi, halafu ghafla inazima kama mtu kazima funguo. Haikohoi, haipungui nguvu, inakata tu. Nikipiga selfu inazunguka vizuri kabisa ila haishiki. Naiacha hapo hapo katikati ya uwanja naenda kunywa chai, baada ya saa nzima narudi inawaka kama vile hakuna kilichotokea, nakata dakika 15 inazima tena.

Mpaka sasa nimebadilisha plagi, koili, kondensa (kile kidude kinachozuia pointi zisiungue), pointi na waya wa plagi. Kabureta nimeifungua nimeisafisha. Moto (umeme) unaofika kwenye koili nimepima kwa multimita nikapata volti 12.4, sawa sawa na betri, so waya ziko poa. Kama dola 90 hivi zimeshaenda. Mke wangu anasema tununue mbuzi.

stima_mn

Niaje ndugu. Mimi niko Minnesota, nina John Deere 110 ya zamani na injini yake pia ni Kohler ya silinda moja (ile ndogo ya hp 8), kwa hivyo hizi mambo nimepitia. Kabla ujaze mtaa na spea hebu kwanza ujue kama ni stima ama ni petroli, usibahatishe. Ikizima tu, hapo hapo kabla haijapoa, toa plagi, irudishe kwa waya wake, chuma chake kiguse hedi mahali safi mbali na shimo la plagi, halafu mtu apige stata uone kama kuna cheche. Cheche ya buluu inayopiga paa paa ni sawa. Kama hakuna ama ni ya manjano hafifu basi ni upande wa stima.

Na ufanye hii pia, ikizima legeza kifuniko cha tangi. Vile vifuniko vina katundu kadogo ka kupumua, kakiziba tangi inavuta hewa kwa ndani mpaka petroli inakataa kushuka, na dalili ni hiyo hiyo yako, nusu saa halafu kimya, ukingoja inarudi. Mimi nilimaliza wikendi mbili nikilaumu koili kumbe ni kifuniko cha dola 8.

Lakini kama ni stima mimi naweka pesa yangu kwa kondensa. Hizi mpya zinazouzwa bei rahisi ni bure kabisa, kuna moja nilitoa kwa boksi ikiwa imekufa tayari. Kama kondensa ya zamani bado unayo irudishe ujaribu.

papa_bobini

Jambo bandugu. Mimi ni mtu wa Bukavu lakini sasa tuko majirani, niko Louisville pia. Kwetu hiyo pointi tunaita platini na koili tunaita bobini. Minaona iko bobini. Bobini ikipata moto ndani yake waya zinaachana, ikipoa zinarudi. Fanya hivi, siku itazima chukua kitambaa chenye maji ya baridi weka juu ya bobini dakika tano tu, kisha washa. Ikiwaka, umeshaipata. Isipowaka usininunie hahaha. Nilifanya hivyo na Toyota ya baba miaka mingi huko nyuma.

nyasi_kentucky

Asanteni sana wakuu. Jumamosi nimefanya yote mliyosema. Imezima dakika ya 35.

Kifuniko cha tangi nimelegeza, hakuna kilichobadilika. Plagi nimeitoa nikaiweka kwenye hedi, mwanangu akapiga selfu, cheche hamna kabisa, labda moja ya rangi ya machungwa ikapita kama kimulimuli ikapotea. Kwa hiyo ni umeme. Kitambaa cha maji baridi juu ya koili dakika tano, hata kumi, wapi. Papa sikununii ila koili sio. Kondensa ya zamani nimeirudisha, ni vile vile.

Sasa nimebaki naangalia tu. Kila kitu cha kuwashia ni kipya na moto unafika kwenye koili. Labda flaiwili (lile gurudumu zito la injini)? Nimesoma mahali kuna watu wanabadilisha wanaweka mfumo wa elektroniki, nifanye hivyo?

fundi_kihesa

Usiweke elektroniki yoyote kwanza. Ukiiweka juu ya ugonjwa usioujua utakuwa na magonjwa mawili.

Mimi ni fundi umeme wa magari Iringa, sijawahi kugusa hiyo Cub Cadet hata siku moja ila nimezeeka na pointi, Datsun, Peugeot 404, Land Rover za misheni, Massey Ferguson 35 za petroli, na mfumo wake ni huo huo hata kama silinda ni moja. Moto unatoka betri, unapita swichi ya funguo, unaingia koili kwenye chanya, unatokea hasi, unaenda pointi, pointi zinaugusisha na bodi, yaani chuma cha mashine chenyewe. Pointi zikiachana ndipo koili inatema cheche. Hakuna uchawi zaidi ya hapo.

Nina swali moja tu kwako. Siku ulipopima ukapata 12.4 pale kwenye koili, pointi zilikuwa zimegusana au zimeachana?

nyasi_kentucky

Shikamoo fundi. Hata sijui kwa kweli, nilifungua tu swichi nikagusa waya. Subiri... nadhani nilikuwa nimechomoa ule waya unaoenda kwenye pointi ili nipate nafasi ya kugusisha multimita. Ina tofauti?

fundi_kihesa

Marahaba. Tofauti ipo, na hapo ndipo dola zako 90 zilipoishia.

Chukulia bomba la maji la bustani, mpira mrefu, mahali katikati mtu ameukanyaga. Ukifunga koki ya mwisho ukasubiri, presha pale mwisho itajaa sawa na ya tangi, ukiweka geji utasema mpira mzima huu. Fungua koki sasa, maji yanachuruzika kama mkojo wa mtoto. Umeme ni vile vile. Pointi zikiwa zimeachana, au umechomoa waya wake kama ulivyofanya, hakuna kinachotembea, kwa hiyo hata waya uliobakiza unyuzi mmoja, hata swichi iliyooza ndani, itakuonyesha 12.4 safi kabisa na itakudanganya uso mkavu. Lazima upime mzigo ukiwepo.

Koili ya volti 12 ya injini kama hiyo, ile isiyohitaji rezista ya nje, ina ohm 3 mpaka 4 kati ya chanya na hasi. Pima yako ukiwa umechomoa waya zote mbili. Ukikuta 1.5 hivi niambie, maana hiyo ni ya kutumia na rezista, ukiiweka peke yake inaungua na inakula pointi. Kama ni 3.5 ina maana pointi zikigusana zinapita kama ampia 3 na nusu. Kwa ampia hizo mahali pabovu panajitokeza penyewe.

Fanya hivi. Swichi ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, fungua kiboksi cha pointi, kiko kwenye bloku kwa nje, zungusha flaiwili kwa mkono taratibu mpaka uone pointi zimegusana kabisa. Waya wote urudi mahali pake, usichomoe kitu. Halafu fungua swichi, pima chanya ya koili na bodi. Andika. Chomeka karatasi kavu kati ya pointi, pima tena. Andika. Toa karatasi, sasa pima hasi ya koili na bodi, hapo inatakiwa iwe karibu na sifuri, ukiona volti nzima hapo pointi zako ni chafu au bamba lake halishiki bodi. Usiiache swichi wazi muda mrefu pointi zikiwa zimegusana, koili inachemka bure.

Na ukiwa umeshafungua hapo angalia kama kuna oili. Nimesoma kwamba kwenye hizo Kohler pointi zinasukumwa na kijiti kinachotoka kwenye kamshafti, basi kijiti kikichakaa oili inapanda nacho. Pointi mpya pia zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, lazima zifutwe. Chukua karatasi ngumu, hata kadi ya harusi, chovya kwenye petroli kidogo, pitisha katikati vuta. Msasa usitumie, unaacha chembe. Uwazi wake uweke 0.020 ya inchi, kama nusu milimita.

Fanya haya siku ikizima, ikiwa ya moto. Ikiwa baridi itakudanganya tena.

stima_mn

Fundi heshima. Hiyo ya pointi zikiwa wazi nimekaa nayo miaka bila kujua. Na nikakubali kwamba kondensa yangu nililaumu bure pia lol

nyasi_kentucky

Leo nimekata majani kwa makusudi mpaka ikazima, dakika 32. Nilikuwa nimeshaweka kila kitu tayari kwenye kitoroli, nikawa kama wale wa pit stopu.

Koili ohm 3.6, hiyo nilipima jana. Pointi kavu, hakuna oili, nimepitisha kadi (ya kipaimara cha mtoto wa shemeji, asiambiwe).

Chanya ya koili na karatasi katikati: 12.4
Chanya ya koili pointi zimegusana: 8.6 na inazidi kushuka taratibu ninavyoangalia
Hasi ya koili pointi zimegusana: 0.1
Betri yenyewe wakati huo huo: 12.3

Yaani volti karibu 4 zinapotelea njiani!! Fundi wewe ni mchawi na hilo bomba lako.

fundi_kihesa

Umeona. Pointi zako safi, hiyo 0.1 ni nzuri sana. Volti zilizopotea ziko kati ya betri na koili, na zikipotea mahali lazima pale mahali pawe pa moto maana haziendi mbinguni. Piga hesabu, ampia mbili na nusu hivi mara volti karibu 4, hiyo ni kama wati 9. Wati 9 kwenye kitu kidogo unazisikia kwa kidole.

Sasa usifungue kitu. Fungua swichi tena pointi zikiwa zimegusana, dakika moja, pitisha kidole kuanzia koili kurudi nyuma kila kiungio. Shika swichi ya funguo kwa nyuma. Kwa sababu umesema selfu inazunguka vizuri hata ikishazima, mimi nadhani moto unafika mpaka swichi na unatoka vizuri ule wa selfu, ila ule wa koili una mlango wake mwingine humo ndani.

Kuthibitisha, chukua waya mmoja, weka fyuzi ya ampia 10 katikati, toka chanya ya betri moja kwa moja mpaka chanya ya koili. Gia iwe huru, deki isiwe imeshika. Piga selfu. Ikiwaka ikiwa bado ya moto, kesi imekwisha. Ila kumbuka ukiwa na huo waya funguo haitaizima, utaizima kwa kuchomoa waya upande wa koili. Usichomolee kwenye betri, cheche pale juu ya betri sio nzuri.

nyasi_kentucky

Imewaka selfu ya kwanza!!! Ya moto, waya wa moja kwa moja, ikashika hapo hapo. Nikakata majani yaliyobaki yote na huo waya ukiwa umening'inia kama dripu ya hospitali.

Na swichi nyuma, nilipoigusa nikatoa mkono. Nimeitoa. Ile pini ya kwenda koili imekuwa kahawia na plastiki yake imelainika imeinama upande mmoja, ukiitikisa pini inacheza. Ina maana kila nikikata majani inapata joto, inalegea, inashika vibaya zaidi, inapata joto zaidi. Nikienda kunywa chai inapoa inarudi. Jamani kumbe hata ile koili ya zamani ilikuwa nzima. Nilishaitupa.

papa_bobini

Bobini ya bure ilikuwa karibu na kwangu na ukaitupa. Yesu.

nyasi_kentucky

Wakuu nimerudi, msinichoke. Nimeagiza swichi mpya mtandaoni, inafanana kabisa, pini tano, funguo inaingia. Nimeifunga. Volti kwenye koili pointi zikigusana sasa ni 11.9, safi. Lakini imekuja na kituko kipya, nikipiga selfu inazunguka inazunguka haiwaki, mpaka nikiachia funguo ndiyo inashika, yaani ile sekunde ninapoachia inasema puh na inawaka. Wakati mwingine inakosa. Ikishawaka haizimi tena, nimekata saa nzima na nusu.

stima_mn

Hapo mimi najua, hiyo ilinipata. Hizo swichi za pini tano zinafanana kwa sura lakini ndani zimeungwa tofauti. Kuna za mashine za magneto (zinazojitengenezea stima ya cheche bila betri), hizo huwa na pini ya kuua injini kwa kuigusisha na bodi ukizima. Na kuna za kuwashia kwa betri kama yako, ambazo pini ya koili lazima ipate stima funguo ikiwa ON *na* ikiwa START. Yako inaonekana inakata stima ya koili ukifika START, ndio maana inashika ukiachia, inawaka na ule mzunguko wa mwisho uliobaki. Toa waya wa selfu kwa swichi ndio isizunguke, peleka funguo START uishikilie, pima pini ya koili. Ukipata sifuri irudishe dukani. Usiangalie picha, angalia ule mchoro wao wa pini gani inagusana na gani kwa kila nafasi.

nyasi_kentucky

Sifuri kabisa. Picha ilikuwa pacha wake. Wamekubali kunibadilishia, nimechagua kwa mchoro safari hii.

nyasi_kentucky

Mrejesho. Swichi sahihi imefika, inawaka robo mzunguko, na nimekata uwanja wote mara mbili bila kuzima, siku ya joto. Fundi Kihesa unanidai soda, ukija Kentucky. Papa nakuletea plagi ya zamani kama kifuta machozi, naona uko kama dakika 20 kutoka kwangu.

Kadogo kamoja tu kamebaki. Ile amita ya kwenye dashibodi, zamani ikiwaka sindano ilikuwa inaenda upande wa kujaza, sasa imelala katikati, na taa nikiwasha inaenda upande wa kutoa. Nilichomoa waya za regulata (inayodhibiti chaji ya betri) wakati natafuta tatizo nikazirudisha hivyo hivyo. Hii ni ile yenye stata na jenereta kitu kimoja, inayozungushwa na mkanda.

fundi_kihesa

Kwanza bonyeza mkanda. Ukilegea unaweza kupiga selfu ukijikaza halafu usichaje. Ukiwa sawa, basi ukichomoa regulata jenereta ya aina hiyo inaweza kusahau pande zake, inabidi ikumbushwe. Injini ikiwa imezimwa, betri imeungwa, chukua kipande cha waya, gusa BAT na GEN pale kwenye regulata kwa mara moja, gusa toa, kicheche kidogo kitaruka. Gusa tu, usishikilie. Halafu washa uangalie sindano.

Na wengine mnaosoma, hii ni ya jenereta ya brashi peke yake. Kohler za baadaye zina altaneta chini ya flaiwili na regulata yake ya elektroniki, ukifanya huo mchezo kule utaiunguza.

Soda nitakunywa hapa Iringa kwa niaba yako.

nyasi_kentucky

Mkanda ulikuwa umelegea kama kandambili za zamani, nimeukaza. Nikagusa BAT na GEN, kakatoka kacheche, nikawasha, sindano ikapanda kwenye chaji hapo hapo, baada ya dakika kama kumi ikaanza kurudi katikati taratibu. Nadhani betri inajaa. Mke wangu ameiona imeparkiwa karakana badala ya katikati ya uwanja akauliza imeharibika nini tena.